Chemba, Moshi na Bwana Afya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Afya ya Jamii katika Manispaa za Pembezoni mwa London, Miaka ya 1930 hadi 1965

Anayefungua kwa mara ya kwanza ripoti ya afya ya manispaa ya Kiingereza ya miaka ya 1950 hutarajia kukuta madaktari na hospitali. Anachokuta ni mabomba, mapipa ya taka, panya, aiskrimu na mkazi anayelalamikia moshi wa jirani. Maswali mengi hapa chini yanatokana na mshangao huo.

"Manispaa ya pembezoni" ndiyo ipi hasa?

Ni miji kama Wembley, Hendon, Finchley, Ealing, Southgate na Harrow upande wa kaskazini na magharibi mwa London, Ilford na Dagenham upande wa mashariki, na Croydon kusini. Leo yote imemezwa na London, lakini wakati ule kila mmoja ulikuwa na halmashauri yake, madiwani wake na mkufu wa meya wa kuvaliwa siku za sherehe. Ile ya kaskazini na magharibi ilikuwa chini ya kaunti ya Middlesex, ambayo mwaka 1951 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.

Reli ilitangulia, wajenzi wakaifuata. Kati ya vita kuu mbili za dunia, mashamba ya nyasi na ng'ombe wa maziwa yaligeuka mitaa ya nyumba pacha, mbili mbili zikishirikiana ukuta mmoja, kila moja na bustani yake ya nyuma. Ongezeko lilikuwa la kasi kiasi kwamba vyeo vya miji vilibaki nyuma ya watu wake: Harrow ilikuwa na wakazi zaidi ya 200,000 na bado kisheria ikaitwa wilaya ya mjini tu, hadi ilipopewa hadhi ya manispaa mwaka 1954.

Mitaa mipya, watu wenye kazi nzuri. Bwana afya alikuwa na kazi gani huko?

Nyumba mpya haimaanishi bomba zuri. Wajenzi wa miaka ya 1930 walikuwa wakikimbizana na wateja, na mara nyingi waliziunganisha nyumba kadhaa kwenye bomba moja la majitaka lililopita nyuma ya bustani. Likiziba chini ya nyumba namba 12, choo kinachofurika ni cha namba 8, na wenye nyumba wote wanne wanaapa kwamba mizizi ya mti iliyoingia bombani si ya mti wao. Sheria ya Afya ya Jamii ya 1936, iliyoanza kutumika Oktoba 1937, iliyafanya mengi ya mabomba hayo ya pamoja yaliyokwisha kulazwa kuwa ya umma. Halmashauri ikawa na wajibu wa kuyatunza, ila iliruhusiwa kuwadai gharama wenye nyumba. Hebu fikiria barua zilizofuata.

Halafu si kila mtaa ulikuwa mpya. Willesden na Hornsey zilikuwa na nyumba ndefu za karne ya 19 zilizokatwakatwa vyumba, kila ghorofa familia yake, choo kimoja wote. Sensa ya 1951 iliuliza kwa mara ya kwanza kuhusu bafu, jiko na choo, na ikaonyesha kwamba karibu kaya 4 katika kila 10 nchini hazikuwa na bafu la kudumu. Kwa hiyo ndani ya manispaa moja ungemkuta mkazi analalamika kuwa mbwa wa jirani anachafua njia, na umbali wa vituo viwili vya basi ukamkuta mwingine anapanga foleni ya choo alfajiri.

Mkuu wa shughuli hii alikuwa nani?

Mganga mkuu wa manispaa. Liverpool ndiyo iliyotangulia kumwajiri wa aina hiyo, William Henry Duncan, mwaka 1847, na kuanzia 1872 kila mamlaka ya usafi ililazimika kuwa naye. Alikuwa daktari, lakini hakuwa akitibu. Mgonjwa wake alikuwa mji wenyewe. Kila mwaka aliandika ripoti akimwelekea meya na madiwani, nakala ikaenda wizarani, na humo ndani alihesabu waliozaliwa, waliokufa na kwa sababu gani, wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza, nyumba zilizokaguliwa, sampuli za maziwa zilizopimwa, panya waliouawa.

Nafasi yake ilikuwa na kinga fulani: kumfukuza hakukuwa rahisi bila ridhaa ya Waziri. Ndiyo maana katika baadhi ya ripoti utasikia sauti ya mtu anayewasema waajiri wake waziwazi, kwa adabu ya Kiingereza lakini bila kuuma maneno, kwamba pendekezo alilolitoa miaka mitatu iliyopita bado linasubiri.

Na bwana afya, yeye siku nzima alifanya nini?

Huyu ndiye shujaa wangu katika hadithi hii, na sioni haya kusema hivyo. Karne ya 19 aliitwa mkaguzi wa kero, baadaye mkaguzi wa usafi, na sheria ya 1956 ikambadilisha jina kuwa mkaguzi wa afya ya jamii. Jina lilipanda hadhi. Buti zilibaki zilezile.

Asubuhi anapokea lalamiko la harufu. Anakwenda, anafunua chemba, anaangalia kama maji yanatembea. Kama haijulikani bomba la nani linavuja, anamwaga rangi ya kijani inayong'aa kwenye choo cha nyumba ya kwanza, kisha anakwenda kukaa kando ya chemba ya pili au kijito cha karibu na kungoja. Rangi ikitokea, mjadala umekwisha. Mara nyingine anapuliza moshi ndani ya bomba na kutazama unatokea wapi ardhini. Mchana yuko kwenye duka la nyama au jiko la mgahawa, anauliza maji ya moto ya kunawia yako wapi. Jioni anaandika.

Kisheria alikuwa na meno. "Kero" lilikuwa neno la sheria, na mwenye kuisababisha angeweza kupewa notisi ya kuiondoa, akikaidi akapelekwa kwa hakimu. Lakini soma majedwali yao uone: notisi zisizo rasmi, yaani barua ya kawaida ya "tafadhali rekebisha", ni nyingi kupita kiasi ukilinganisha na kesi mahakamani. Walijua kwamba paa linalovuja litazibwa upesi kwa mazungumzo mlangoni kuliko kwa wito wa mahakama.

Majitaka ya watu wote hawa yalikwenda wapi?

Mwanzoni yalikwenda pabaya. Kila mji mdogo ulikuwa na kiwanda chake kidogo cha kusafisha majitaka, kilichojengwa wakati wakazi wakiwa wachache, na watu walipofurika, vijito vikaanza kunuka. Suluhisho la magharibi ya Middlesex lilikuwa kubwa: mabomba makuu yakayakusanya majitaka ya miji yote na kuyapeleka sehemu moja, Mogden, huko Isleworth. Mtambo ulifunguliwa mwaka 1936 na ulichukua nafasi ya viwanda vidogo 28. Gesi iliyotokana na kuoza kwa tope iliendesha mashine za mtambo wenyewe, jambo ambalo siku hizi lingepewa jina la kisasa na kufanyiwa semina.

Tope lenyewe lilisukumwa kwa bomba hadi Perry Oaks, likaachwa likauke kwenye mabwawa. Baadaye uwanja wa ndege wa Heathrow ukakua pembeni yake, na leo mahali pale pamesimama jengo la tano la abiria, lililofunguliwa mwaka 2008. Ukipita hapo na begi lako kuelekea Nairobi au Dar es Salaam, unatembea juu ya mabwawa ya zamani ya tope la Middlesex.

Tatizo ambalo mtambo haukuweza kulitatua ni mabomba yaliyounganishwa vibaya. Mitaa hii ilikuwa na mifereji ya aina mbili, wa majitaka na wa maji ya mvua, na fundi asiye makini angeunganisha beseni la jikoni kwenye ule wa mvua, maji ya sabuni na mafuta yakaishia kijitoni. Au angeelekeza mvua ya paa kwenye bomba la majitaka, na siku ya dhoruba chemba zikainua vifuniko. Kijito cha Wealdstone, kinachopita Harrow na Wembley, kinasumbuliwa na viunganishi vya aina hii hadi leo.

Ilikuwaje mji wa kisasa kama Croydon ukapata homa ya matumbo mwaka 1937?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na nalijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna kila kitu.

Croydon ilikuwa na hadhi ya juu kuliko manispaa za Middlesex: haikuwa chini ya kaunti, ilijisimamia yenyewe kwa karibu kila jambo, ikiwemo maji. Sehemu ya maji yake ilitoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa kwenye miamba ya chokaa huko Addington. Yalikuwa maji mazuri. Uzuri huo ndio uliowalaghai.

Msimu wa vuli wa 1937 kisima kilihitaji matengenezo. Mafundi wakateremshwa ndani. Mmoja wao aliwahi kuugua homa ya matumbo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akapona, lakini bila yeye kujua aliendelea kubeba vimelea mwilini. Wakati huohuo, kwa sababu ya kazi iliyokuwa ikiendelea, maji ya kisima hayakuwa yakichujwa wala kutiwa klorini kama ilivyopaswa, na bado yakaendelea kusukumwa kwenye nyumba za watu. Mambo matatu, kila moja peke yake pengine lisingedhuru: mtu mwenye vimelea, kisima kinachofanyiwa kazi huku kikitoa maji, na klorini iliyosimama. Yakakutana kwa majuma machache.

Wagonjwa walipoanza kujitokeza, mganga mkuu hakuwa ameambiwa kwamba kuna watu wanafanya kazi kisimani. Mhandisi alikuwa na habari zake, daktari na zake, na kati ya ofisi zao hakuna aliyeziunganisha. Maziwa na vyakula vilitiliwa shaka. Wakazi wenyewe, baadhi yao watu wa elimu na wakaidi kweli, walianza kulinganisha nani anaumwa na nani anatumia maji ya wapi, wakajiunga na kuibana halmashauri. Mwisho wa yote waliougua walikuwa zaidi ya 300, na 43 walikufa.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi mara moja. Mwaka uliofuata baba mmoja aliyeuguliwa na binti yake aliishtaki halmashauri, na mahakama ikaikuta na hatia ya uzembe. Baada ya hapo kutia klorini kwenye maji ya umma hakukuwa tena jambo la kubishaniwa ladha yake, na watu wanaoteremka visimani walianza kupimwa kwanza. Bodi ya Maji ya London, ikumbukwe, ilikuwa ikitia klorini tangu 1916. Elimu ilikuwapo, mwendo wa treni wa nusu saa kutoka hapo.

Nikisoma mkasa huu simwoni mtu mwovu. Naona barua ambayo haikuandikwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine ndani ya jengo moja.

Walikuwa na kunguni?

Walikuwa nao. Familia zilipohamishwa kutoka mitaa duni ya London kwenda nyumba mpya za halmashauri, kama zile za Becontree kule Dagenham, hofu kubwa ya mabwana afya ilikuwa kwamba kunguni watahama na vitanda. Baadhi ya halmashauri zilipitisha samani zote kwenye gari lililofungwa na kufukizwa gesi ya sianidi kabla ya kukabidhi funguo. Gesi hiyo inaua mtu pia, kwa hiyo magodoro yalipaswa kupigwapigwa na kuachwa upepo kwanza. Baada ya vita ikaja DDT, dawa ya kuua wadudu, kazi ikawa nyepesi, na madhara yake yakajulikana baadaye.

Vita ilibadilisha nini?

Ilifichua mengi. Mwaka 1939 watoto walipohamishwa kutoka mijini, wenyeji waliowapokea walishtuka kwa chawa na upele, na kelele zikafika bungeni. Mwaka 1941 mganga mkuu alipewa mamlaka maalumu ya kumkagua mtu anayeshukiwa kuwa na upele na kuagiza atibiwe, ndipo kliniki za manispaa zikawa zinawapaka watu dawa kwa brashi tangu shingoni hadi nyayoni. Mahandaki ya umma yalihitaji vyoo vya kemikali na mtu wa kuvimwaga kila asubuhi, kazi ambayo hakuna mnara uliojengwa kuikumbuka.

Mabaki ya jikoni yaliwekwa kwenye mapipa ya pembeni ya barabara kwa ajili ya nguruwe. Tottenham iliyapika kiwandani yakawa chakula kizito cha mifugo kilichojulikana kama "pudini ya Tottenham", jina ambalo inasemekana lilitolewa na Malkia Mary mwenyewe alipokitembelea.

Kwa nini ripoti zinahangaika hivyo na maziwa na aiskrimu?

Maziwa yaliua. Ng'ombe wenye kifua kikuu waliwaambukiza watoto kupitia maziwa mabichi, wakapata uvimbe wa tezi za shingo na maradhi ya mifupa. Kuyapasha moto kwa kipimo kiwandani kulijulikana tangu zamani, lakini wapo waliosisitiza kwamba maziwa mabichi yana nguvu zaidi, na wafugaji wadogo walihofia gharama. Sheria ya 1949 ilianza kuifunga njia hiyo eneo kwa eneo, na katika mitaa ya pembezoni mwa London maziwa mabichi yasiyopimwa yakapotea. Mtoto wa shule alikuwa akipata theluthi moja ya painti, yaani chini kidogo ya mililita 200, bure kila siku tangu 1946. Huwezi kugawa kitu hicho kwa kila darasa la taifa zima bila kuwa na uhakika nacho.

Aiskrimu ina kisa chake. Mwaka 1946 mjini Aberystwyth, Wales, mwuzaji aliyebeba vimelea vya homa ya matumbo aliwaambukiza watu zaidi ya 100 kupitia aiskrimu. Mwaka uliofuata kanuni zikaagiza mchanganyiko upashwe moto hadi nyuzi za Selsiasi 65 hivi kwa nusu saa, au 71 kwa dakika 10, kisha upoozwe upesi. Tangu hapo bwana afya alichukua vikombe vya sampuli kwenye magari ya aiskrimu kiangazi chote, na maabara ikavipanga madaraja manne. Kwa bahati, maabara kuu ya afya ya jamii ya nchi nzima ilikuwa Colindale, ndani ya manispaa ya Hendon.

Kanuni za usafi wa chakula za 1955 ziliongeza jingine: maji ya moto ya kunawia kwa kila anayeshika chakula, na marufuku ya kuvuta sigara huku ukihudumia chakula kilicho wazi. Ndiyo, kabla ya hapo muuza nyama angeweza kukukatia mbavu na sigara mdomoni.

Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanza 1948, manispaa ilibaki na nini?

Tarehe 5 Julai 1948 hospitali za halmashauri zilichukuliwa na serikali kuu. Huduma za mtu binafsi, yaani wakunga, wauguzi wa kutembelea watoto wachanga, chanjo na magari ya wagonjwa, zilikwenda kwa kaunti. Miji kama Wembley na Finchley ikabaki na mabomba, nyumba, chakula, taka, panya na taarifa za magonjwa ya kuambukiza. Croydon, kwa kuwa haikuwa chini ya kaunti, ilibaki na zaidi, ingawa hospitali nayo ilizikosa.

Waganga wakuu waliandika kuhusu mabadiliko haya shingo upande. Wengi waliishia kuvaa kofia mbili, moja ya manispaa na nyingine ya kanda ya kaunti, na mhudumu yuleyule alijikuta anajibu kwa mabaraza mawili. Kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kunung'unika: aliyeona choo cha nyumba na aliyempima mtoto wa nyumba hiyo sasa walikuwa na waajiri tofauti. Ni kosa lilelile la Croydon, safari hii likiwa limeandikwa kwenye sheria.

Ni ugonjwa gani walioushinda kabisa?

Dondakoo. Mwaka 1940 Uingereza nzima ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 61,000 na vifo 3,283. Kampeni ya chanjo ikaanza katikati ya vita, na mwaka 1957 wagonjwa walikuwa 38, vifo 6. Sijui namba nyingine katika ripoti hizi inayosisimua kiasi hicho. Ila angalia kilichofuata: akina mama waliozaa miaka ya 1950 hawakuwa wamemwona mtoto akikabwa koo, wakaanza kuchelewesha chanjo, na ripoti zikageuka kuwa za kubembeleza.

Na polio?

Kiangazi cha 1947 kilileta wagonjwa zaidi ya 7,000 Uingereza na Wales. Polio iliwatisha watu wa mitaa mizuri kuliko ugonjwa mwingine wowote, kwa sababu haikuheshimu usafi wa nyumba. Wazazi wakawakataza watoto mabwawa ya kuogelea. Chanjo ya sindano ilifika 1956, na vijana hawakuichangamkia hadi Aprili 1959, mchezaji wa mpira wa timu ya taifa Jeff Hall alipokufa kwa polio. Baada ya hapo foleni zilizunguka kona. Kuanzia 1962 chanjo ikawa tone juu ya kipande cha sukari.

Moshi ule wa 1952 ulifika pembezoni?

Ulifika, na sehemu ya moshi ulitoka hukohuko.

Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 hewa baridi ilikaa juu ya London kama kifuniko cha sufuria. Kila nyumba iliwasha makaa ya mawe, na siku hizohizo serikali ilikuwa imeruhusu makaa ya vumbivumbi, ya bei ya chini, yauzwe bila kadi ya mgawo. Hesabu ya mwanzo ilikuwa vifo 4,000 zaidi ya kawaida. Makadirio ya baadaye yamefika 12,000. Wengi walikuwa wazee na wenye kifua. Hakukuwa na milio ya ving'ora. Ilionekana baadaye tu, kwenye jedwali la vifo, na wanasema wauza majeneza walijua kabla ya wizara.

Tume iliyoongozwa na Hugh Beaver iligundua jambo lisilopendeza: karibu nusu ya moshi wote ulitoka kwenye mahali pa moto pa majumbani wala si viwandani. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ikazipa halmashauri uwezo wa kutangaza maeneo ya kudhibiti moshi. Ndani ya eneo hilo mwenye nyumba alitakiwa kubadili jiko lake ili litumie makaa yasiyotoa moshi au gesi au umeme, na angerudishiwa sehemu 7 kwa 10 za gharama.

Sasa fikiria kazi ya bwana afya. Anabisha hodi nyumba kwa nyumba, mtaa mzima, anakagua kila sebule, anaandika kila jiko, anaeleza ruzuku. Mwingereza anaupenda moto wake wa wazi kama mtu wa pwani anavyopenda baraza. Wengine walimwambia kwamba nyumba ya Mwingereza ni ngome yake na moshi wake ni mali yake. Waziri alipaswa kuidhinisha kila eneo, kwa hiyo kazi ilikwenda miaka na miaka, ramani ikipakwa rangi kipande kwa kipande.

Hewa safi na pipa la taka vinahusiana vipi?

Vinahusiana sana, na hili watu hulisahau. Pipa la bati la nyuma ya nyumba lilijaa majivu. Majivu ni mazito, yanakausha unyevu na hayaozi. Moto wa makaa ulipozimwa, majivu yalipungua, na karatasi na maboksi yaliyokuwa yakichomwa sebuleni sasa yakaingia pipani. Taka zikawa nyepesi lakini nyingi, zikihitaji magari ya aina nyingine. Dampo nyingi za Middlesex zilikuwa mashimo ya kokoto yaliyokwisha kuchimbwa, na nayo yalikuwa yakijaa. Bwana afya alitatua tatizo la angani akamkabidhi mwenzake wa taka jingine la ardhini.

Kwa nini kuna sura kuhusu wazee wanaoishi peke yao?

Sheria ya Msaada wa Taifa ya 1948, kifungu cha 47, iliiruhusu halmashauri, kwa cheti cha mganga mkuu, kumwomba hakimu amri ya kumwondoa nyumbani mtu mzee au mgonjwa anayeishi katika uchafu na asiyeweza kujitunza. Marekebisho ya 1951 yaliharakisha utaratibu kwa hali za dharura. Ni kurasa ngumu kusoma. Mjane katika nyumba nzuri ya mtaa mzuri, mapazia yamefungwa, magazeti hadi darini, paka wengi, na majirani hawajamwona tangu Pasaka. Waganga wengi walisita kutumia kifungu hiki, na walieleza kwa nini: mzee aking'olewa kwake mara nyingi hamalizi mwaka. Walipendelea kumpelekea mpishi, mfuaji wa mashuka na mtu wa kuosha sakafu. Mtoto wa jamii zetu anaposoma haya huuliza ndugu walikuwa wapi. Walihamia mtaa mwingine mpya, upande wa pili wa London.

Sigara inaanza kutajwa lini?

Jedwali la saratani ya mapafu linapanda taratibu baada ya vita kabla maneno hayajaanza. Utafiti wa Doll na Hill, ulioihusisha sigara na saratani hiyo, ulitoka 1950, na mwaka 1957 serikali iliwaomba wenye mamlaka ya afya wawaambie wananchi hatari iliyopo. Wakabandika mabango. Kwa mtu aliyezoea kumaliza kero kwa notisi na rangi ya kijani, huu ulikuwa ugonjwa wa aina mpya, usio na chemba ya kufunua.

Haya yote yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki?

Yanatuhusu kwa njia ya moja kwa moja, kwa sababu mfumo ulisafirishwa. Sheria ya Afya ya Jamii ya Kenya, Sura ya 242, ni ya mwaka 1921 na imejaa msamiati uleule wa mganga mkuu, mkaguzi, na kero inayopaswa kuondolewa kwa notisi. Neno letu "bwana afya" ni la zama hizo, la mtu aliyekuja kuchungulia mtungi wa maji na shimo la choo. Tofauti ni kwamba kule Wembley alitumwa na madiwani waliochaguliwa na mwenye choo, na mwenye choo angeweza kumnyima diwani kura. Huku aliletwa na serikali ambayo mwenye choo hakuichagua, na katika miji iliyogawanywa kwa rangi mabomba yalifika kwanza uzunguni. Ndiyo maana kofia ileile ilionekana tofauti kabisa ilipoingia uani.

Manispaa hizo ziko wapi leo?

Tarehe 1 Aprili 1965 ziliunganishwa kuwa manispaa kubwa za London. Wembley na Willesden zikawa Brent; Hendon na Finchley zikaingia Barnet; Ealing ikaungana na Acton na Southall; Harrow ikabaki peke yake. Middlesex ikafutwa. Cheo cha mganga mkuu wa manispaa chenyewe kiliondolewa mwaka 1974, madaktari wakahamia kwenye Huduma ya Taifa ya Afya, na mabwana afya wakabaki halmashauri.

Nikitaka kusoma ripoti moja, nianzie wapi?

Maktaba ya Wellcome ya London imeweka mtandaoni zaidi ya ripoti 5,500 za eneo la London, kuanzia 1848 hadi 1972, na kuzisoma ni bure. Chagua mji mmoja, usiruke ruke. Soma utangulizi wa mganga mkuu mwisho. Anza na majedwali ya nyuma, ya mkaguzi: mabomba yaliyozibuliwa, vyoo vilivyotengenezwa, madirisha yaliyorekebishwa yakakubali kufunguka. Kisha chukua ripoti ya mwaka unaofuata uangalie ni anwani gani za aina ileile bado zinalalamikiwa, na utajua ni barua ipi haikujibiwa.